Jicho ni hili moja, na wanataka kulipasua tena

Wakuu, wakubwa shikamooni, wadogo mambo. Nimeona humu watu wanaulizia vidoa vinavyoelea machoni. Naandika yaliyonikuta mwenyewe, chumvi sitii.

Ni enzi za ruksa, miaka ya tisini mwanzoni. Nilikuwa nauza mchele sokoni Tandale. Jicho la kushoto liliharibiwa na surua nikiwa mtoto, linaona mwanga na kivuli tu. Kwa hiyo mie ni mtu wa jicho moja, la kulia.

Siku hiyo nachambua mchele kwenye ungo, naona wadudu weusi. Nawatoa, hawatoki. Napepeta, wapo.

Mteja akaniambia, "Dada, mbona mchele msafi huo?"

Nikamkasirikia. Nilipoinua uso kumjibu, wadudu wakahamia kwenye kanzu yake. Hapo nikajua tatizo si mchele, ni jicho.

Kliniki za watu binafsi ndo zilikuwa zinafunguliwa kila kona. Daktari wa kwanza akasema ni mtoto wa jicho, akitolewa ishu imekwisha. Nikafanyiwa operesheni.

Bandeji ilipotolewa, kila kitu kikawa cheupe na safi, na vidoa vikaonekana vizuri kuliko mwanzo. Jamani, nililia.

Nikaenda kwa bingwa, hospitali kubwa. Huyu hakunificha. Vidoa viko kwenye ute wa ndani ya jicho, mtoto wa jicho hahusiki. Kuna mabingwa wageni wanakuja, wanaweza kuunyonya ute wote. Wengi wanapona, ila ikienda vibaya jicho linazima. Akaniambia, nenda kaamue na wenzio.

Mume wangu akasema, "Fanya tu mama, utalia mpaka lini?"

Neno kuzima likaniganda kichwani. Hata nikipima mchele, akili haipo, unamwagika.

Akaja wifi yangu kutoka Gongo la Mboto, mtu wa utani huyo. Hakubishana na kaka yake. Alivua mtandio, akanifunga jicho la kulia.

"Haya wifi, operesheni imegoma. Chambua mchele tule."

Nikacheka, nikauvuta ungo. Sikuona mchele. Sikuona hata vidole vyangu.

Mwanangu alikuwa ndo anajifunza kutembea. Akaja, akanishika goti. Nikainama nimtazame usoni, nikaona kivuli tu kinahema. Nikampapasa, kidole kikamwingia jichoni, akalia. Nami nikaanza kulia humo humo ndani ya mtandio.

Mume wangu ndiye aliyenifungua. "Basi. Hatuendi."

Hatukwenda. Vidoa tumeishi navyo hadi leo, siku nyingine nasahau kama vipo.

Nilichojifunza: daktari akikwambia utapata nini, muulize na ukikosa utabaki na nini. Wenye macho mawili hesabu yenu ni nyingine. Na vikikujia ghafla vingi, pamoja na mimweko ya mwanga, kimbia hospitali, usikae kusoma nyuzi.

Sasa vimeongezeka taratibu. Wanangu wanasema mashine za siku hizi ni nzuri, wameshanichukulia miadi ya operesheni ile ya ute, Alhamisi. Nimewaambia sawa, lakini moyoni naogopa vilevile.

Naomba mnichangie mawazo. Waliopona nimewasikia wengi, nawashukuru. Namtafuta yule ambaye jicho lake lilizima, hata kama uzi huu anasomewa na mtu.