Sifuri Ishirini na Tatu

Barua ya shule niliipokea mkononi mwa mwanangu mwenyewe, na kabla sijaimaliza nilikuwa nimeshamshika. Ilisema msichana wangu wa darasa la tano amekosa kuja siku ishirini na tatu muhula ule, na asipokuwa na sababu ya maana jina lake litafutwa kwenye rejista, nafasi apewe mtoto mwingine. Kamba ya mbuzi ilikuwa karibu. Sikuuliza kitu. Kila asubuhi namwamsha, nampa chai, anatoka hapa Bulapesa na sare safi, sasa huwa anaenda wapi? Mnadani, kuchekacheka na madereva wa malori ya ng'ombe? Nilimpiga mpaka kamba ikanichubua kiganja. Alilia kidogo, kisha akanyamaza, na kule kunyamaza kukanizidishia hasira. Nikaongeza.

Baba yake alikuwa Kinna na mifugo. Hapakuwa na wa kunishika mkono, na hata angekuwepo, wakati ule sikuwa mtu wa kushikwa.

Nilipomvua sare niifue ndipo nikaona miguu. Nyuma ya magoti na mapajani kulikuwa na mistari iliyopangana kama ya daftari, mingine imeshika kigaga, mingine imegeuka kijani. Kamba yangu haikufika huko. Nikamuuliza ni nani amemfanya hivi.

"Zako ni za juu, mama," akasema. "Za chini ni za mwalimu wa Kiingereza."

Nikakaa chini kwenye mkeka. Akanieleza polepole, akiniangalia mikono.

Lazima niseme jambo moja kwanza. Sisi Waborana, herufi P hatukuzaliwa nayo. Mama yangu anasema bolisi na besa, na mtaa tunaokaa anauita Bulabesa, na hakuna aliyewahi kupotea njia kwa sababu hiyo. Mimi P niliipata miaka ya sabini, darasani, kwa makofi ya uso, na kwa sababu niliipata nikafika mpaka fomu foo. Ndiyo maana kwa miaka mingi nilidhani kofi ni njia ya kufundishia. Naliandika hili bila kujitetea.

Huyu mwalimu alikuwa na njia yake. Kila asubuhi akiita majina, anamshikia mtoto kipande cha karatasi mbele ya midomo. Mtoto aseme neno la Kiingereza la kuonyesha amefika, lile linaloanza na P. Karatasi ikiruka kwa pumzi ya ile P, anapata mstari mwekundu kwenye rejista. Mtoto akisema "bresent", karatasi haitikisiki, na kwa mwalimu mtoto huyo hajafika. Anaandikiwa sifuri. Halafu anainama mbele ya wenzake, anapigwa kwa kipande cha mpira wa maji, anarudi kwenye dawati, anasoma mpaka saa tisa. Siku nzima yuko pale na kitabuni hayuko.

Nilimuuliza kwa nini hakuniambia. Akasema alidhani nikijua nitampiga kwa kushindwa na Kiingereza. Hakukosea sana.

Asubuhi nikaenda naye. Mwalimu mkuu, mzee wa Kisomali aliyeifundisha nusu ya mji huu, alinijibu salaam na kuniuliza habari za nyumbani. Nikamwambia nimekuja kuona rejista. Mwalimu wa Kiingereza akaitwa. Alikuja amebeba vitabu viwili vilivyofunikwa kwa karatasi ya kaki, na ule mpira wake juu, kama anakwenda kukaguliwa. Vitabu vile vilikuwa sifa yake. Kimoja rejista, kingine cha adhabu: tarehe, jina, kosa, viboko vingapi, na sahihi yake chini. Mwandiko mzuri, siwezi kumnyima.

Akasema vitabu vyake havidanganyi, akavifungua mwenyewe mbele yangu. Nikavisogeza vikakaa ubavu kwa ubavu. Nikaweka kidole cha mkono huu kwenye Jumatatu, na cha mkono huu kwenye Jumatatu.

"Siku hii mtoto wangu hakuja?"

"Hakuja, mama. Ni sifuri hiyo."

"Na hapa umeandika ulimchapa vinne. Ulimfuata nyumbani?"

Mwalimu mkuu akavaa miwani. Nikaenda Jumanne, Jumatano, ukurasa baada ya ukurasa. Kila palipokuwa na sifuri, palikuwa na viboko. Mtu ambaye hayupo, amepigwa siku ishirini na tatu.

Mwalimu hakuona haya. Alicheka kidogo, akasema hiyo ni mbinu, kwamba mtoto asiyeweza kutamka hajafika kwenye Kiingereza. Kisha akanitazama, akasema, "Lakini mama, ninyi mtaweza nini, hata mtaa wenu unawashinda kuutaja."

Niliuchukua ule mpira nikampiga nao kwenye vidole vilivyokuwa juu ya kitabu. Mara mbili. Ya pili nilisikia kitu kikilia, sijui ni kalamu au ni mfupa. Ningeendelea. Sikuwa nimemaliza hata robo.

Mwalimu mkuu akasimama. "Mama, weka chini hiyo," akasema. "Weka chini, ama naita bolisi."

Mwalimu wa Kiingereza alikuwa amevishika vidole kwa maumivu, lakini aliinua macho. Sote wanne tulilisikia lile neno. Mzee naye alilisikia. Alivua miwani, akaifuta kwa kanzu muda mrefu, akairudisha. Halafu akafungua droo, akatoa wembe, akauweka juu ya rejista.

"Kwangua," akamwambia. "Zote."

Alikwangua, kwa vidole vilivyoanza kuvimba, sifuri baada ya sifuri, akipuliza unga wa karatasi na kuchora mstari mwekundu. Mahali pawili karatasi ilitoboka. Nilisimama nikahesabu mpaka ya ishirini na tatu. Mwalimu mkuu akaniambia jina la mtoto linabaki, na kwamba nikiinua tena mkono kwenye ofisi yake, nitafungwa. Nikamwambia sawa, mzee. Mpira ule akaufungia kabatini, ingawa mti wa kukata fimbo uko nyuma ya kila darasa, na kila mtu anaujua.

Kesho yake msichana alisema "bresent" na akaandikiwa mstari. Habari hiyo aliniletea jioni. Nilikuwa nimekaa jikoni nachambua maharagwe, nikamwambia njoo karibu unieleze vizuri. Alinieleza yote, vizuri kabisa, akiwa amesimama mlangoni, pale mkono wangu haufiki.