Mawe ya Redio Yakiota Jua

Ukimtafuta mtu mkubwa pale Ha Letuka, juu kabisa kwenye milima ya Lesotho, usihangaike na chifu. Chifu ana muhuri tu. Mme Malisebo ana redio.

Miaka thelathini na moja Mme huyu, yaani mama kwa Kisotho, amekuwa sikio la bonde zima. Redio ya taifa ikisoma kwamba fulani amefariki, au kijana wa fulani aliye migodini anatafuta habari za kwao, yeye hujifunga blanketi kwa pini kubwa kifuani, humtandika farasi wake Seponono, na kuipeleka habari hiyo mpaka mlangoni. Hata kijiji kiwe mbali, hata kama yeye na mwenye mlango wamegombana. Asiyejua aulize, mvua ya mawe imempiga mara ngapi huko njiani! Kanuni yake ni moja: "Tangazo ulilosikia ni mali ya mwenyewe. Ukilikalia, umeiba."

Sasa Seponono mwenyewe alikuwa amepotea siku ya ishirini. Askari wa kituo alikuwa amemweleza Mme Malisebo bila kuzunguka: mifugo iliyookotwa hutangazwa redioni kila Jumanne saa kumi jioni, na ambayo haijadaiwa hadi mwezi uishe hupigwa mnada. Mwezi ulikuwa unaisha Ijumaa. Leo Jumanne. Na magoti ya mama huyu hayawezi tena milima. Miguu yake ilikuwa ile minne iliyopotea.

Tena mawe ya redio, betri zake nne, yalikuwa yamechoka. Theluji ilikuwa imeziba njia wiki nzima, na dukani hakukuwa na hata kiberiti. Basi akaapa: leo redio itafunguliwa saa kumi tu.

Kiapo kilidumu mpaka alfajiri. Wimbo wa kufungulia siku angeuachaje? "Mmoja tu, wa kumsalimia mtangazaji," alijisemea. Akawasha, na baridi yote ile ya chumba ikajaa kwaya. Kisha mtangazaji mwenyewe akasalimu taifa. Mme Malisebo hajawahi kumwona, lakini humjua akiwa na mafua, humjua akiwa amegombana na mkewe. Akazima haraka, mkono ukibaki juu ya kisanduku kama juu ya kichwa cha mgonjwa. Watu wote wale, mle ndani, na uzito wake haumshindi kuku!

Jua lilipotoka akayatoa mawe manne, akayapanga juu ya ukuta wa zizi, akawa anayageuza kama mahindi ya kuchoma.

Saa tatu akaja Ntate Khethang, mzee aliyestaafu migodini na pafu moja zima.

"Mme, leo bunge linajadili bei ya sufu."

"Lijadili. Kondoo hawajaenda popote."

"Dakika mbili tu. Nisikie wanavyotukanana kwa heshima."

"Ukitaka matusi nitakupa mimi, tena bila kula mawe."

Khethang akaketi hivyo hivyo, akaikodolea macho redio iliyozimwa kama mtu anayetazama sufuria ya jirani.

Saa saba Mamello, jirani wa ukuta wa pili, akaingia na bakuli la mboga za moroho. Rushwa, wala hakuificha.

"Mme wangu, ule mchezo! Leo mama mkwe anafungua sanduku la marehemu. Mwezi mzima tunalingoja!"

"Mamello, farasi wangu."

"Dakika tano. Akishalifungua tu, tunazima."

Ah, mwanadamu. Mawe yakarudishwa. Mama mkwe akapanda ngazi. Kila hatua ikasikika. Ufunguo ukalia. Watu wazima watatu wakaacha kupumua kwa ajili ya sanduku ambalo pengine ni mlango wa kabati tu huko studio. Lilipofunguka, na kilio kile kikatoka, Khethang akavua kofia. Hakuna aliyekumbuka dakika tano. Waliposhtuka, mchezo umekwisha, na taa nyekundu ya redio imefifia kama jicho la mlevi.

"Mamello, umemla farasi wangu."

"Hata wewe ulikuwa unalia, Mme!"

"Nilikuwa nalia kwa haraka ili tuzime!"

Mawe yakarudi ukutani, lakini jua la baridi halikopeshi. Saa tisa likajificha nyuma ya mlima. Wakagawana: mawili makwapani mwa Mme Malisebo, moja kwa Mamello, moja kwa Khethang, wamejikunyata kama kuku wanaoatamia.

Saa kumi. Sauti ikatoka nyembamba kama uzi.

"...fahali mwekundu, sikio la kushoto limekatwa... Farasi jike, kijivu, mguu wa nyuma wa kulia mweupe, begani ana kovu mfano wa mwezi mwandamo, amehifadhiwa katika kituo cha..."

Kimya.

Khethang akayang'ata mawe moja moja, akayarudisha. Kimya. Mamello akajifunika uso kwa blanketi. Mme Malisebo akaikumbatia redio, akatoka nje hadi ukutani, kana kwamba neno lililobaki lingekuwa limeangukia kwenye theluji.

Hapo ng'ambo ya korongo mtu akapaza sauti.

"Heeei, Ha Letuka! Mme Malisebo! Farasi wako yuko kituo cha Ha Nkoebe!"

Alikuwa Ntate Phoka, ambaye siku hizi naye ana redio. Mtu mkavu, aliyepelekewa na Mme Malisebo habari za misiba mitatu na hakuwahi kusema ahsante. Lakini nani hapa asiyelijua kovu lile la Seponono, lililosimama mbele ya kila mlango wenye kilio?

Kabla mwangwi haujaisha, mama mmoja akaita kutoka mlima wa nyuma: "Ha Nkoebe, Mme! Ha Nkoebe!" Kisha sauti ya mbali zaidi. Kisha nyingine, hafifu, ya kijiji ambacho moshi wake tu ndio huonekana. Kila mmoja akidhani wenzake hawajasikia, kila mmoja akikataa kulikalia. Milima yote ikawa inamsomea tangazo lake.

Akainua mkono kuwajibu.

"Amesikiaaa!" Khethang akapiga kelele kwa pafu lake lile moja. "Amesikia!"

Wao wakaendelea kuita. Mme Malisebo akaigeuza redio iliyokufa, akaielekeza korongoni, ili nayo isikilize.