Usukani wa Kukaa Wima

Mimi nina mashine mbili za kukoboa mpunga hapa Ifakara, na shule niliishia darasa la nne. Lakini juzi niliona baiskeli ya zamani yenye usukani wa juu, nikashindwa kupita.

Mchana ule, nikiwa darasa la nne, kibanda cha fundi baiskeli wa kijijini kwetu Michenga kilinuka solusheni ya kubandikia viraka.

"Toa usukani huu wa kuinamia," baba alimwambia fundi. "Niwekee wa kukaa wima."

"Mzee, unataka kupita kama bwana shamba?" fundi aliuliza.

"Ndiyo, mwanangu. Wanione."

Baba alicheka, akakohoa sana.

Alipoipanda, nilikimbia nyuma yake kijiji kizima, nikiita watu watoke wamwone baba yangu bosi. Sikujua kwamba akiinama alikosa pumzi. Mpunga wa msimu ule tuliuvuna bila yeye.