Kidonge Kilichosubiri Mkate

Asubuhi ile mke wangu alikataa kumeza kidonge chake cha ugonjwa wa sukari. Alikiweka katika kisahani, katikati ya meza, akasema atakimeza mkate ukiiva, si kabla. Sikuweza kumlaumu. Siku tatu nyuma alikuwa amekimeza tumbo likiwa tupu; saa moja baadaye vidole vyake vilianza kutetemeka, akaanguka uani chini ya kamba ya nguo, nami nikamwinua na kumbeba hadi ndani. Daktari alikuwa amesema wazi: chakula kwanza, dawa baadaye, mkate uwe wa ngano nzima, mweupe auache. Mihogo, wali na ndizi vilikuwa vikimchefua tangu matibabu yaanze. Tumaini letu lilikuwa mkate.

Jirani yetu mmoja alituhakikishia kwamba mkate wa kahawia unaouzwa karibu na soko ni wa ngano nzima. Alisikia kwa shemeji yake. Nimefundisha sayansi miaka mingi, na neno "nilisikia" halijawahi kuingia katika daftari langu. Nilinunua mkate mmoja, nikaloweka kipande katika glasi ya maji. Maji yakageuka rangi ya chai, kipande kikabaki cheupe. Ilikuwa sukari iliyounguzwa. Siku hiyo niliamua kwamba mkate wa mke wangu utaokwa chini ya macho yangu.

Mashine ya kuokea ilitumwa na binti yetu anayeishi Kinshasa. Niliipokea mwenyewe katika uwanja wa ndege wa Bangboka. Unga nilipewa na mfanyabiashara wa Kivu Kaskazini, aliyesaga ngano ya milima ya kwao mbele yangu, pumba na yote. Ulikuwa umebaki wa mkate mmoja tu, kwani lori lake lilikwama katika tope siku nyingi. Tena umeme wa mtaa wetu, majuma yale, ulikuwa ukikatwa saa sita mchana. Mashine ilihitaji saa tatu na nusu. Nilibonyeza kitufe saa mbili na robo. Hesabu iliniachia robo saa, basi.

Nilikuwa nimepima maji, chumvi na hamira kama kijitabu cha maelekezo kilivyoagiza, bila kupunguza wala kuongeza. Hata hivyo, baada ya dakika kumi sauti ilibadilika. Mashine ilinguruma, ikakwama, ikanguruma tena. Meza ilitikisika, na kidonge kikaanza kucheza ndani ya kisahani.

"Papa, iyo mashine iko inalia," mke wangu alisema kutoka kitini. "Unga iko inaomba mayi."

"Kijitabu kinakataza kufungua."

"Alors, kijitabu iko na njaa? Ni miye niko na njaa."

Nilimweleza, kwa ukali ambao sijivunii, kwamba hatuwezi kuongozwa na sikio. Kwamba mashine ikisimama na kuanza upya, umeme utatuacha njiani, na unga mwingine hatuna. Yote hayo yalikuwa kweli. Lakini ukurasa niliokuwa nimeushika niliusoma kwa mara ya nne bila kuelewa mstari hata mmoja.

Akainuka. Hilo lilinitisha kuliko mashine, maana alishika kwanza ukingo wa meza.

"Miaka makumi ine niko nakandaka mikate mu hii nyumba," alisema, "na weye unaikula na daftari mukononi. Ule mwenye kuandika kitabu hakuonaka hii unga hata siku moja. Sogea, professeur."

Nilisogea. Alifungua kifuniko, na mashine haikusimama. Ndani, donge kavu lenye nyufa lilizungushwa kama jiwe, unga mwingine ukiwa umebaki pembeni bila kulowa. Alidondosha maji kwa kijiko, akangoja, akaongeza, akagusa kwa ncha ya kidole.

"Ngano nzima inakunywaka pole-pole. Bon. Sikiliza sasa."

Nilisikiliza. Mngurumo ulikuwa umelainika.

Nilichowasha baadaye, mchana kweupe, ni taa ya jikoni, ili nijue mara moja umeme ukiondoka. Kuanzia saa tano sikuketi. Niliitazama taa, nikamtazama mke wangu, ambaye midomo yake ilikuwa imeanza kukauka, kisha nikarudi kwenye taa. Saa sita kasoro robo kengele ililia.

Mkate ulitoka mfupi, mzito, umepasuka upande mmoja. Kijitabu kilitaka upoe saa nzima.

"Kitabu tena?" aliuliza.

Nilikata. Alikula kipande cha kwanza taratibu, nami nikisubiri akisukume kando kama alivyofanya kwa sahani zote za juma lile. Hakukisukuma. Alikula cha pili nusu, kisha akanyoosha mkono, akachukua kidonge, akakimeza.

Niliketi mbele yake, macho yangu kwenye vidole vyake.

"Papa, uko unaniangalia sawa mutihani. Nimepita?"

"Matokeo hutolewa baada ya saa moja."

Alicheka mpaka makombo yakamtoka mdomoni. Taa ikazimika, hakuna aliyeinua uso. Nilichukua kalamu, nikafungua kijitabu penye kipimo cha maji, nikaandika pembeni: "vijiko vitano zaidi". Kisha nikarudisha macho kwenye mikono yake, iliyokuwa imetulia juu ya meza, na nikaendelea kungoja.