Bi Kesho na Sampuli za Mochwari

Maabarani walimpachika jina la Bi Kesho. Ukimuuliza majibu ya marehemu yeyote, hainui hata uso: "Kesho." Kazi yake ni kuotesha vijidudu vilivyotolewa kwenye miili ya waliokufa, na vijidudu havijui haraka ya mtu. Tena vingine ni wadandiaji tu. Mtu akishakata roho, vya tumboni husambaa mwilini, na ukikurupuka utamtia hatiani asiyehusika. Ndiyo maana akiwa mochwari huchoma kwanza uso wa kiungo kwa chuma cha moto, ndipo achukue sampuli ya ndani. Madaktari wengine husema ana maringo. Shauri yao.

Safari hii marehemu alikuwa mtoto wa kike, aliyefikishwa hospitali ana homa kali na shingo imekakamaa, akafa kabla hajatundikiwa dripu. Bi Kesho alipaka tone la maji ya uti wa mgongo kwenye kioo, akalitia rangi, akainamia hadubini. Vilikuwemo, vyekundu, viwiliviwili kama maharage yaliyotazamana, vimejazana ndani ya chembe za usaha. Akampigia daktari hapo hapo.

"Ni homa ya uti wa mgongo. Nyumbani kuna mtoto mwingine?"

"Yupo mdogo wake. Makubwa! Leo husemi kesho?"

"Kesho nitathibitisha. Leo wameze dawa wote."

Mdogo mtu alimeza. Bibi yao, aliyekuwa akiwalea, akagoma katakata, na daktari akabembeleza mpaka akachoka. Bi Kesho, ambaye kwa kawaida hakutani na ndugu wa marehemu, akavua glavu, akanawa, akateremka mwenyewe. Alimkuta bibi kwenye benchi, amempakata mjukuu aliyebaki.

"Nililala naye kitanda kimoja, mwanangu. Niacheni nimfuate."

"Bibi, unaweza kuwa na vijidudu hivyo kooni na usiumwe. Utamwambukiza huyu."

Bibi akapokea kidonge, akakimeza. Kisha akauliza, "Kwa hiyo mwenzake nilimpa mimi?"

Neno "hapana" lilikuwa tayari mdomoni mwa Bi Kesho, na roho ilimuuma kulimeza.

"Sijui, bibi. Kipimo changu hakisemi nani kampa nani."

Bibi alitikisa kichwa. Akamshusha mtoto mapajani taratibu, akamkalisha mwisho wa benchi, akajiziba mdomo kwa kiganja.