La kuume na la kuuma: jinsi fundi meno wa Kariakoo alivyoning'oa jino zima

Wakuu, kwa umri wangu wengi humu ni wa kuniamkia, kwa hiyo marahaba kabla hamjasema.

Shule niliishia darasa la pili na naandika kwa kidole kimoja, herufi ikiruka mnisamehe. Ila haya sikusimuliwa na mtu. Yalinipata mdomoni mwangu mwenyewe.

Naanzia mbali kidogo.

Nikiwa mdogo kwetu Kilosa, kwenye kambi ya mkonge, walipita askari waliotoka vitani. Mmoja alikuwa na tarumbeta. Alipolipuliza, ng'ombe wa mnyapara akakata kamba, akaingia kwenye mihogo ya watu, akatafutwa mpaka jua likazama. Mnyapara alitukana ukoo mzima wa yule askari. Mimi matusi sikuyasikia. Nilikuwa nakodolea lile dude la njano, nasema moyoni, na mimi iko siku nitapuliza.

Ng'ombe mwenyewe hahusiani na meno, nimemkumbuka tu. Na yule mnyapara baadaye alikuja kumuoa shangazi yangu, lakini tuachane naye.

Basi nikakua, nikapanda treni, nikaja Dar. Miaka ya hamsini hiyo, uhuru bado. Nikapanga chumba Ilala. Mchana nabeba magunia sokoni Kariakoo, jioni najifunza tarumbeta kwenye klabu ya dansi ya pale pale Ilala. Kiongozi wetu alikuwa Bwana Kondo, mpiga ngoma, mtu mpole mwenye sikio kali.

Vijana wa leo hamuwezi kujua klabu ya dansi ilikuwa heshima gani. Mtu anabeba magunia wiki nzima, hakuna anayemtazama. Jumamosi anavaa suruali ya pasi na tai, anapanda jukwaani, na wale wale waliokuwa wanamsukuma sokoni wanamwita bwana.

Sasa mpiga tarumbeta wetu wa kwanza akahamia Tanga. Bwana Kondo akaniambia Jumamosi inayokuja nitasimama mimi mbele. Wakuu, usingizi ulinipaa.

Ndipo jino likaanza. La juu, upande wa kushoto, la pili kutoka katikati. Nikigusisha tu tarumbeta kwenye mdomo, maumivu yanapanda mpaka jichoni. Ikabidi litoke kabla ya Jumamosi.

Nikaelekezwa kwa Bwana Seif, chumba cha mbele cha nyumba moja karibu na Msimbazi. Alikuwa Mwarabu wa Unguja. Alifanya kazi miaka kwa daktari wa meno wa Kihindi huko mjini, akajifunza kwa kuangalia, kisha akafungua pake.

Nimeusoma humu uzi wa kijana anayeuliza atajuaje kama kliniki ya meno ni salama. Mkamjibu aangalie glavu, aangalie cheti ukutani, aulize kama vifaa vimechemshwa. Mmemjibu vizuri. Lakini kwa Bwana Seif vyuma vilichemka mbele ya macho yangu, kwenye sufuria juu ya stovu ya mafuta ya taa, nasikia vinavyogongana. Koti lake jeupe limefuliwa kwa buluu mpaka linang'aa. Maji ya kusukutua anabadilisha kila mgonjwa. Kwa usafi simsingizii hata kidogo.

Ila alikuwa anafanya kazi mlango wazi ili apate mwanga, na benchi ya wanaosubiri iko barazani, pale pale. Wewe umepanua mdomo, watu wamepanua macho.

Nami benchini nilikuwa nimeshajiharibia. Kulikuwa na mchuuzi wa samaki anaitwa Mshamu, shavu limevimba kama amebana andazi, lakini maneno hayamwishi. Aliniuliza kwetu wapi. Nikasema Gerezani, nimezaliwa hapa hapa mjini. Nilikuwa naona aibu sana kuitwa mtu wa kuja. Nikamwambia na habari za tarumbeta na Jumamosi, akatikisa kichwa kwa heshima.

Nikaitwa ndani. Nikakaa kwenye kiti, nikasema ni la juu, la pili kutoka katikati, nikafumbua mdomo. Bwana Seif akainama.

"Jino la kuume?"

"Ndiyo bwana, la kuuma. Tena linauma hasa."

Hapo wakuu mtu wa pwani ameshashika kichwa. Pwani, kuume ni upande wa kulia. Sisi kwetu hatukuwa na neno hilo. Mkono wa kulia ni wa kulia ugali, basi. Mimi nilisikia "kuuma", na nikaona ni swali la ajabu kidogo, maana nani anapeleka kwa fundi jino lisilouma?

Sindano ya ganzi ikaingia kulia.

Nikashtuka, nikanyanyua mkono. Bwana Seif akasema, "Tulia bwana, mtu mzima wewe." Kule benchini wakacheka. Nikaushusha mkono.

Nikajidanganya kwamba labda dawa inazunguka, inaingilia huku inatokea kule. Lakini nilijua. Mdomo ni wangu, nitakosaje kujua? Nilikuwa na nafasi ya kusema na nikaogopa kuonekana mwoga, mshamba, mbele ya watu nisiowajua hata majina ukimtoa Mshamu.

Koleo likaingia, jino likatoka. Akaliweka kwenye kisahani. Jeupe, zima, kama punje ya hindi bichi.

Akalitazama, akanitazama mimi.

"Mbona zima hili? Si umesema la kuume?"

Nikajibu na pamba mdomoni, "Nimesema la kuuma."

Halafu Mshamu, na shavu lake lile lile, akasema kutoka barazani:

"Kumbe Gerezani yenu iko bara. La kuume limetoka, la kuuma limebaki, sasa kazi ni kulia tu."

Wakuu, walicheka mpaka muuza kahawa aliyekuwa anapita akasimama kuuliza kuna nini. Wakamweleza. Akacheka na yeye, akabeba birika lake na habari yangu, akaondoka navyo.

Bwana Seif hakucheka. Aliniomba radhi mara nyingi, akasema lile bovu atalitoa bure. Ningefanyaje? Linauma, na Jumamosi iko mlangoni. Nikakaa tena. Nilipotoka pale nilikuwa na mawili ya katikati tu, marefu, na mapengo huku na huku. Panya buku kabisa.

Nisije nikasahau funzo, maana nikimaliza kusimulia huwa nasahau. Ukikaa kwenye kile kiti, usiseme kulia wala kushoto. Weka kidole juu ya jino lenyewe. Mwambie daktari naye aliguse, mkubaliane, ndipo sindano ije. Akiona unamchelewesha, mwache aone. Na ukisikia sindano inaingia siko, nyanyua mkono na usiushushe hata wakicheka mtaa mzima. Usafi wa vyuma ni sawa, lakini kuulizana nako ni usalama. Wenye yaliyowakuta waandike hapa chini, nitasoma.

Mimi mpaka leo nikicheka naziba mdomo. Marehemu mke wangu alidhani ni adabu. Sikumwambia.

Namalizia.

Ijumaa jioni tukawa na mazoezi. Kidonda bado kibichi. Nikaliweka tarumbeta mdomoni, nikapuliza. Upepo ukapitia pembeni, mate na damu vikashuka kidevuni, sauti hakuna. Nikajipanga upya, nikapuliza tena. Wenzangu wakawa wanaangalia sakafu.

Mpiga gita akamuuliza jirani yake kwa sauti ya chini, lakini nilisikia, "Huyu ndiye yule Bwana Kulia?"

Kumbe habari ilishafika Ilala kabla yangu, na jina imeshanipa.

Bwana Kondo akaja akanishika bega. "Mwanangu, mdomo utazoea. Kwa sasa shika manyanga, utikise kule nyuma." Alisema taratibu, kwa huruma kabisa. Angenitukana ningevumilia.

Nikalifuta tarumbeta kwa leso yangu, nikaliweka juu ya kiti. Nikasema natoka kutema mate mara moja.

Nikatoka, nikatema. Ndani wakaanza wimbo bila mimi. Nikashika njia ya Buguruni, na pale klabu sikurudi tena.