Spika ya Mahari

Baba yangu alikufa akiamini kwamba mke wangu wa kwanza alikuwa sanduku. Aliyasema hayo mbele ya wageni, mbele ya mama, na baadaye mbele ya mke wangu halisi, ambaye kwa bahati nzuri alikuwa mtu wa kucheka. Na kusema kweli hakuwa amekosea sana. Dada yangu alipoolewa, ng'ombe wa mahari waliingia zizini kwetu, na kwa desturi yetu Wasukuma ng'ombe wa dada ndio wanaomwoza kaka. Baba akanionyesha waliokuwa fungu langu, akaniambia nitafute binti wa watu. Mimi nikawaswaga hadi mnadani, nikarudi na gitaa la umeme, amplifaya, na spika kubwa ndani ya sanduku jeusi.

"Umeoa sanduku, ng'wanone, mwanangu," alisema baba. "Haya, tukae tuone litazaa nini."

Aliyetoa ng'ombe wale nilichunga naye tangu tukiwa hatujui kufunga kaptula. Jina lake halina kazi hapa. Nilimwita shemeji siku alipomwoa dada, na ninamwita shemeji mpaka leo, kwa sababu ushemeji haufi kwa ugomvi. Utotoni tulikuwa tukifuata ngoma za mavuno. Kiangazi kikiingia, makundi mawili hupambana kwenye uwanja mmoja, kila moja likipiga lake kwa wakati uleule, na watu wanahama huku na huku mpaka upande mmoja unabaki na vumbi lake. Hapo tulijifunza kwamba kazi ya muziki ni kumtoa mtu alipo na kumleta ulipo. Tulijifunza pia kwamba ngoma ya mwenzako huigusi bila kumuuliza. Hata ngozi ikilegea, unamwita mwenyewe aipeleke motoni. Niliwahi kuona watu wazima wakishikana mashati kwa sababu mmoja alisogeza ngoma ya mwenziwe karibu na moto, kwa wema tu.

Tulipokua tukaanzisha bendi pale Shinyanga mjini. Shemeji alikuwa kiongozi na mwimbaji, mimi nikapiga gitaa la solo. Ukumbi wetu ulikuwa Kambarage, mali ya mfanyabiashara mmoja ambaye babu yake alitoka pwani, na ambaye Kisukuma chake kilikuwa kizuri kuliko Kiswahili changu. Vyombo vyote vilikuwa vyake isipokuwa gitaa langu na lile sanduku. Ilikuwa miaka ya sabini. Mafundi wa mgodi wa Mwadui walikuwa na santuri za ng'ambo, za vijana wenye nywele ndefu na magitaa yanayonguruma, na kabla yao za wazee weusi wa Marekani walioimba shida zao kwa sauti ya kukwaruza. Tulizisikiliza mpaka sindano zikachoka. Kisha tukachukua mngurumo ule, tukauweka juu ya mapigo ya ngoma za mavuno, na wachimbaji wakatuelewa mara moja.

Lakini mngurumo wenyewe hasa tulipewa Maganzo, jirani na mgodi. Tulikuwa tunapiga kando ya barabara, jenereta likikohoa nyuma yetu, na mchimbaji mmoja aliyekuwa ameokota jiwe la almasi siku hiyo akapanda jukwaani na mabuti yake ya machimboni. Alicheza juu ya amplifaya, akacheza juu ya sanduku, akateleza, mguu ukazama ndani ya spika, ukaichana karatasi yake. Nikaacha kupiga. Nilihisi kama kaukanyaga mkono wangu. Shemeji akanigeukia na maiki mdomoni, akapiga kelele, "Piga!"

Nikapiga. Sauti ikatoka nzito, imepasuka, kama dume la ng'ombe lililoona dume jingine ng'ambo ya boma. Wachimbaji walipiga mayowe hadi mwenye kuchoma nyama akaacha mishikaki iungue. Tangu siku hiyo spika yangu ikaitwa Dume.

Kesho yake nilitaka kuipeleka kwa fundi. Shemeji alisimama mlangoni, akatandaza mikono.

"Atakayeishona spika hii," alisema, "atakuwa amenishona mimi mdomo."

Nayakumbuka maneno hayo kwa sababu alinifurahisha sana. Tulikwenda na Dume Mwakitolyo kwenye dhahabu, tukiwa juu ya lori la pamba. Tulikwenda nalo upande wa Geita hadi kwenye vijiji ambavyo watu hawakuwa wamewahi kuona waya wa umeme. Popote tulipokwenda kulikuwa na mtu wa kuuliza kama ng'ombe wetu tumemleta.

Ikaja miaka ya themanini na dhiki zake, sabuni kwa foleni, sukari kwa kujuana. Katikati ya dhiki hiyo mwenye ukumbi akasafiri Dar es Salaam, na akarudi amebadilika. Alikuwa amesikia bendi zenye tarumbeta na saksafoni, waimbaji wanaobembeleza, wapigaji waliovaa sare. Alirudi na wapulizaji wawili wenyeji wa Tabora, na kitambaa cheupe cha mashati, wakati sisi wengine tulikuwa tukirithi suruali za marehemu. Alisema wachimbaji wanavunja viti. Alitaka watu wa mezani: maofisa, wenye maduka, na wake zao.

Shemeji alilainika kama siagi juani. Akaacha kupiga kelele. Akaanza kuimba macho yamefungwa, leso mkononi, nyimbo za kumwomba mwanamke msamaha kwa kosa ambalo halitajwi. Sikuwa mjinga, nilijua ni nzuri. Nilijifunza kupiga taratibu, nikajifunza kunyamaza pale tarumbeta zinapoingia. Ila nilimuuliza, "Na Dume?"

"Dume ni letu, shemeji. Nyimbo za mwisho zote litalia."

Nikaamini. Alikuwa ananipaka mafuta kwa mgongo wa chupa, nami nikajisikia nimelainika.

Kisha mama akaugua. Alikuwa kwa ndugu zake, kule upande wa Geita, na mimi nikaenda kumuuguza. Ufunguo wa stoo ya vyombo nilikuwa nao mimi, kwa ajili ya sanduku langu, nikamkabidhi shemeji. Mama alichelewa kupona. Siku moja dereva wa lori akanishushia kifurushi cha sukari, sukari nyeupe, kitu ambacho wakati ule ungeweza kuposea. Kilitoka kwa shemeji, na ujumbe wa mdomo: kaa na mayu mpaka apone kabisa, huku tupo. Nilimsifu mbele ya ukoo mzima. Mama mwenyewe, kikombe mkononi, alisema dada yangu aliolewa na mtu.

Niliporudi nilikuta mpambano ni kesho. Mwenye ukumbi alikuwa ameialika bendi ya Mwanza tushindane nayo kwa mtindo wa ngoma za mavuno, uwanja mmoja, wakati mmoja, watu wachague. Shemeji akanirudishia ufunguo. "Kila kitu kipo kama ulivyokiacha," alisema. Shati jeupe lilikuwa limeshanipigiwa pasi.

Kesho yake mchana uwanja ulijaa. Wachimbaji wa Mwakitolyo walikuja na lori zima, wakajipanga mbele yetu. Wimbo wetu wa kufungulia ulikuwa unaanza na Dume peke yake, mngurumo mmoja mrefu, ndipo ngoma zinaingia. Nikachomeka waya, nikawaangalia wale jamaa, wao wakanyanyua mikono, nikapiga.

Ikatoka sauti safi. Safi kabisa, kama kijiko kwenye glasi.

Nikadhani ni waya. Nikachomoa, nikachomeka, nikapiga tena. Kijiko kwenye glasi. Nikamtazama mpiga ngoma, akatazama ngoma zake. Nikamtazama wa tarumbeta, akawa anaichungulia tarumbeta yake kana kwamba kuna mtu humo. Shemeji hakunitazama kabisa. Alianza kuimba, polepole, mapigo mapya ambayo mimi sikuwahi kuyasikia, na tarumbeta zikaingia palepale penye nafasi ya Dume. Zilikaa sawasawa. Walikuwa wameufanyia mazoezi wimbo ule, wote, wakati mimi nakoroga sukari yao kwenye chai ya mama. Nilisikia aibu ya kuvuliwa nguo. Nikapiga sehemu ndogo niliyoachiwa, kwa sababu mikono ilikuwa imezoea.

"Dume liko wapi?" wachimbaji wakaanza kuita. "Leteni Dume!"

Mmoja akajibu kwa sauti, "Wamelihasi!"

Wakacheka, wakageuka, wakahamia upande wa Mwanza. Lakini nyuma yao wakawa wanakuja wengine, wanawake kwanza, kisha makarani, kisha wenye maduka na familia zao, wakivuka uwanja kuja kwetu, wengi kuliko walioondoka. Mwisho wa mchana bendi ya Mwanza ilibaki na wachimbaji na vumbi. Tulishinda. Na wimbo ulikuwa mzuri; katikati yake vinyweleo vilinisimama, na nikajichukia kwa hilo.

Asubuhi nilikwenda kwa fundi wa redio, Mhindi mmoja mtu mzima ambaye alirithi duka kutoka kwa baba yake na aliyemjua kila mtu mjini kwa ugonjwa wa redio yake. Nikamwamkia. Aliitikia marahaba akiwa anatabasamu.

"Vipi, umeipenda? Karatasi mpya hiyo niliitafuta mpaka Mwanza."

"Aliileta nani, mzee?"

"Shemeji yako. Alisema wewe ndiye umeagiza, uko kwa mama mgonjwa. Nikasema acha niifanye vizuri, mtu mwenye mgonjwa asije akapata shida nyingine." Kisha akaniangalia usoni, na tabasamu likamtoka. "Hukuagiza?"

Sikuweza kumlaumu. Alinivutia kiti, akaniagizia chai.

Nilimkuta shemeji nyumbani kwake, amekaa kwenye kigoda uani. Dada alikuwa pembeni anapeta mchele. Hakukataa, hata hilo hakunipa.

"Ningekuuliza ungekataa," alisema.

"Ndiyo maana mtu huulizwa."

"Shemeji, unataka tufe tunapigia walevi Maganzo? Wewe ulikuwa huwezi kuliacha. Nilikusaidia."

"Ile spika ni yangu. Tulikua wote. Unajua ngoma ya mtu haiguswi."

Mwamba ngoma ngozi huvutia kwake, nalijua hilo tangu nazaliwa. Nilitegemea atavuta kwa maneno ya bendi, ya mjini, ya maendeleo. Hakuvuta huko.

"Yako?" alisema. "Ng'ombe alitoa nani?"

Ungo ukatulia. Kwetu mwanamume hasemi neno hilo. Ng'ombe wa mahari wakishavuka zizi la wakwe hawana tena mwenyewe wa zamani, na anayewadai mdomoni amemdai na mke. Sidhani alikusudia. Lilimponyoka, na alipoliona limetoka akawa anatafuta pa kuweka mikono.

Dada hakunyanyua uso. Alisema kwa Kisukuma, taratibu, kama anayeuliza bei ya chumvi, "Kama wale ng'ombe bado ni wako, basi mimi ni wa nani?"

Akachukua ungo wake akaingia ndani. Nikaondoka bila kuaga.

Nilikwenda moja kwa moja stoo. Nilifungua sanduku nikaiona karatasi mpya, nyeusi, imebandikwa kwa usafi wa fundi anayependa kazi yake. Nikatoa wembe. Nikaichana palepale, nakumbuka vizuri, pale buti la Maganzo lilipopita, na upana uleule. Nikawasha amplifaya, nikapiga. Ikawa inakoroma tu, kama nzi ndani ya bahasha. Nikachana zaidi kidogo. Nikapiga. Nzi aliongezeka. Nikapiga mngurumo wote wa wimbo wa kufungulia, kutoka mwanzo, kwa vidole vilevile.

Nilipomaliza nikageuka. Shemeji alikuwa amesimama mlangoni, sijui tangu saa ngapi. Aliutazama wembe, akaitazama spika. Shati lake jeupe alikuwa hajalivua tangu jana.

"Siyo lenyewe," alisema.

Na kweli halikuwa lenyewe. Shinyanga nzima hakukuwa na mtu mwingine ambaye angeweza kusikia tofauti hiyo. Kisha akanyoosha mkono, akaniomba ufunguo wa stoo, nami nikajua sina tena bendi.